Hazina ya vibonzo: Vitabu 10 ambavyo mpenzi wa hadithi za picha hafai kukosa

GAZETI likisomwa asubuhi mjini Meru, jioni huwa limegeuka karatasi ya kufungia bidhaa katika soko la Gakoromone. Hali ni iyo hiyo katika masoko ya Embu, Runyenjes na Chuka. Habari ya jana haina mnunuzi, na pamoja nayo hutupwa ile sehemu ya ukurasa ambayo wasomaji wengi huifungua kwanza, kabla ya siasa na michezo: vibonzo.

Hasara hiyo haionekani siku hiyo. Huonekana miaka 20 baadaye, mzazi anapotaka kumwonyesha mwanawe mhusika aliyemchekesha utotoni, akatambua kwamba hana hata ukurasa mmoja. Kenya imekuwa na wachoraji wa vibonzo tangu kabla ya Uhuru, na baadhi yao wamepata sifa kote duniani. Hata hivyo, kazi zao nyingi zilichapishwa katika karatasi ya gazeti, ambayo huwa manjano upesi na kukatika kama jani kavu. Ni sehemu ndogo tu iliyokusanywa na kutiwa jalada.

Kwa sababu hiyo, anayenunua kitabu cha vibonzo hanunui kicheko pekee. Anahifadhi kumbukumbu ambayo huenda jirani yake hana, na ambayo mchapishaji huenda asiitoe tena. Orodha ifuatayo ina vitabu na mikusanyiko 10 ambayo mpenzi wa sanaa hii katika eneo la Mlima Kenya, au kwingineko Afrika Mashariki, anafaa kuitafuta. Inaanzia nyumbani, kwa hadithi ya Wameru wenyewe, kisha inapanuka hadi nchi jirani na ng'ambo.

Tofauti ya istilahi

Ni vyema kwanza kutofautisha mambo matatu. Kibonzo cha gazeti ni mchoro mmoja, au safu fupi ya visanduku vya picha, kinachotoa dhihaka au kisa cha siku. Mkusanyiko wa vibonzo ni kitabu kinachoweka pamoja michoro iliyokwisha kutokea gazetini. Riwaya ya vibonzo nayo ni hadithi ndefu ambayo picha na maneno yaliyomo ndani ya viputo huisimulia kwa pamoja, ikiwa na mwanzo, kati na mwisho kama riwaya yoyote ile.

Istilahi ya riwaya ya vibonzo ilienea baada ya Mmarekani Will Eisner kuitumia kwenye jalada la kitabu chake A Contract with God mwaka wa 1978, ingawa si yeye aliyeianzisha. Hata hivyo, kazi za aina hiyo zilikuwapo kwa miaka mingi kabla ya jina hilo kuzoeleka.

1. The Wisdom of Koomenjoe

Kitabu cha kwanza katika orodha ni chembamba na kilikusudiwa wasomaji wa kawaida, wala si wakusanyaji. Ni cha mfululizo wa Pichadithi, jina lililoundwa kwa kuunganisha maneno picha na hadithi. Mfululizo huo ulitolewa na kampuni ya Kul Graphics ya Nairobi katika miaka ya 1980, na aliyeuongoza ni Terry Hirst, msanii mzaliwa wa Uingereza aliyefika Kenya mwaka wa 1965 na kuishi nchini hadi alipofariki mwaka wa 2015.

Koomenjoe ni kiongozi ambaye masimulizi ya Wameru yanamtaja kuwa ndiye aliyewatoa utumwani katika nchi iliyoitwa Mbwaa. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mababu wa Wameru walitawaliwa huko na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wavaa nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa wazee majaribio yasiyowezekana ili wapate kisingizio cha kuwaangamiza.

Jaribio moja lilikuwa kuleta ndama anayetoa kinyesi cheupe. Koomenjoe aliagiza ndama alishwe maziwa matupu. Jingine lilikuwa kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili, naye akashauri kitengenezwe kwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Walipoambiwa watoe tunda lililo ndani ya shimo refu bila kuligusa, walimimina maji shimoni na tunda likaelea hadi juu. Walipotakiwa kuleta mkuki wa kufika mbinguni, waliona kuwa hila zimekwisha na muda wa kutoroka umewadia. Inasimuliwa kwamba walipofika kwenye maji makuu, kiongozi wao aliyapiga kwa fimbo yake yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, na waliovuka jua limechomoza wakaitwa weupe. Mgawanyo huo wa Njiru, Ndune na Njeru ungali unatajwa katika koo za Wameru.

Watafiti wameyachukulia masimulizi hayo kwa uzito. Padri Bernardo Bernardi aliandika kuhusu cheo cha Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1959. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, ambaye kitabu chake cha historia simulizi ya Wameru kilichapishwa mwaka wa 1993, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda katika eneo la Lamu. Iwapo ndivyo, basi hadithi ya mlimani ina mizizi yake katika pwani ya Waswahili.

Thamani ya kitabu cha Koomenjoe iko hapo. Kisa kilichokuwa kikisimuliwa na wazee wakati wa jioni kiliingia mikononi mwa mtoto wa shule kwa njia ya picha. Wazee walioijua hadithi hiyo kwa ukamilifu wanazidi kupungua kila mwaka, na vitabu vya Pichadithi navyo si rahisi kuvipata madukani. Familia ya Meru yenye nakala yake haifai kuiacha ichakae. Dosari moja ya kukumbukwa ni kwamba kitabu hicho ni cha Kiingereza, hivyo mzazi anayemsomea mtoto atalazimika kurudisha maneno katika Kimeru au Kiswahili yeye mwenyewe. Huenda hilo likawa jambo jema, kwa kuwa hadithi itarejea kinywani ilikotoka.

2. Lwanda Magere na ndugu zake

Mfululizo uo huo wa Pichadithi ulichora visa vya jamii nyingine za Kenya. Kinachojulikana zaidi ni Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe lisilopenywa na mkuki. Siri yake ilikuwa kwamba nguvu zake zilikaa kivulini, na mke aliyetoka kwa maadui ndiye aliyeifichua. Kisa cha Wanjiru, msichana wa Kikuyu aliyetolewa kafara ili mvua inyeshe, nacho kilitiwa katika picha.

Sababu ya kukusanya vitabu hivi pamoja ni kwamba kila kimoja humfafanua mwenzake. Msomaji wa Embu atakayeweka Koomenjoe na Lwanda Magere kwenye rafu moja atatambua kwamba Wameru walimsifu shujaa kwa akili ilhali Waluo walimsifu kwa nguvu, na kwamba pande zote mbili zilijua kuwa shujaa ana mpaka wake. Katika nchi ambayo jamii zimegombanishwa na siasa mara kwa mara, hilo ni somo linaloweza kutolewa bila hotuba.

3. Abunuwasi

Mwaka wa 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilitoa kitabu cha vibonzo cha Kiswahili kiitwacho Abunuwasi, kilichochorwa na Godfrey Mwampembwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Gado. Kitabu hicho kilifungua njia kwa vingine vya Kiswahili kutoka kwa kampuni hiyo, ambayo baadaye chapa yake iliingia chini ya kampuni ya uchapishaji ya Longhorn.

Abunuwasi wa hadithi za pwani ni mjanja anayewashinda sultani, kadhi na matajiri kwa maneno. Asili ya jina lake ni Abu Nuwas, mshairi aliyeishi Baghdad katika enzi ya Harun al-Rashid, lakini Waswahili wamemfanya mwenyeji wao kwa muda mrefu hata wengi hawakumbuki kwamba alikuja na jahazi. Kila mwanafunzi anakijua kile kisa cha sufuria iliyozaa na hatimaye ikafa.

Kitabu hiki ni muhimu kwa sababu mbili. Kwanza, kilionyesha kwamba Kiswahili sanifu kinaweza kukaa ndani ya viputo bila kupoteza ladha yake. Pili, ni kazi ya Gado msimulizi, kabla jina lake halijafungamana kabisa na vibonzo vya siasa. Mwalimu wa Kiswahili mjini Chuka au Maua anaweza kukitumia darasani, na mwanafunzi asiyependa kusoma akajikuta amefika ukurasa wa mwisho.

4. Matoleo ya jarida la Joe

Mwaka wa 1973 mwanahabari Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la vichekesho lililoitwa Joe. Mhusika Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini, ambaye Ng'weno alikuwa amekwisha kumtambulisha katika safu yake gazetini. Alikuwa na kazi ya mshahara mdogo, marafiki wa baa, na jibu la kila tatizo la nchi. Ng'weno aliliacha jarida hilo na kwenda kuanzisha The Weekly Review mwaka wa 1975, huku Hirst akiendelea nalo. Joe lilidumu hadi mwaka wa 1979.

Ndani yake mlikuwa na vibonzo, hadithi fupi na michoro ya jalada iliyoonyesha Nairobi ya wakati huo: madeni, kodi ya nyumba, jamaa wa mashambani wanaowasili bila taarifa. Kijana aliyetoka Meru au Embu kwenda kutafuta kazi mjini katika miaka hiyo angejiona humo.

Joe si kitabu, bali ni jarida, na mkusanyaji hana budi kutafuta toleo moja moja. Anayefanikiwa kupata hata matano anafaa kuyapeleka kwa fundi wa kujalidi vitabu ili yawekwe pamoja. Jarida lisilo na jalada gumu halidumu.

5. Democrazy!

Gado alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1969, akajiunga na kampuni ya Nation mwaka wa 1992, na kuchora humo hadi mwaka wa 2016. Mkusanyiko wake uitwao Democrazy! ulitoka mwaka wa 2000. Jina lenyewe ni mzaha unaounganisha demokrasia na wazimu.

Kibonzo cha siasa kina tatizo lake. Siku kinapotoka, kila mtu anakielewa. Baada ya miaka 10, msomaji hamjui tena waziri aliyechorwa wala kashfa iliyotajwa. Mkusanyiko wa namna hii kwa hivyo ni kitabu cha historia kwa njia nyingine. Enzi ya vyama vingi, iliyorejea Kenya baada ya kifungu cha 2A cha Katiba kufutwa mwaka wa 1991, imeandikwa na wasomi wengi, lakini si wengi walioonyesha jinsi wananchi walivyoicheka. Mwenye kitabu hiki anashauriwa kuandika pembeni kwa penseli majina na matukio anayoyakumbuka. Watoto wake watamshukuru.

6. Akokhan

Frank Odoi alizaliwa Ghana mwaka wa 1948 na kuhamia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970. Wasomaji wa Daily Nation walimjua kwa Golgoti, kisa kilichogeuza juu chini hadithi za wavumbuzi kwa kumweka Mzungu katika hali ya mtumwa kati ya Waafrika. Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, ni Akokhan, hadithi ndefu ya mashujaa wenye nguvu za miujiza inayotokana na imani na mila za Afrika Magharibi. Ilitokea pia katika jarida la BBC Focus on Africa, na baadaye ikachapishwa kama kitabu nchini Finland.

Odoi alifariki katika ajali ya matatu jijini Nairobi mwezi Aprili 2012. Pamoja na Leif Packalén wa Finland alikuwa ameandika Comics with an Attitude, mwongozo uliotolewa mwaka wa 1999 kuhusu jinsi vibonzo vinavyoweza kutumiwa kueneza ujumbe wa maendeleo. Anayetaka kujifunza kuchora ataona humo kazi inavyopangwa, kutoka wazo la kwanza hadi ukurasa uliokamilika.

Akokhan yapo katika orodha hii kwa sababu yanajibu swali ambalo vijana huuliza kila filamu ya mashujaa inapoonyeshwa: Je, Afrika haina wake? Inao, na walichorwa Nairobi.

7. Shujaaz

Mnamo Februari 2010 kampuni ya Well Told Story ilizindua Shujaaz, kijitabu cha vibonzo kilichotolewa bure kila mwezi ndani ya gazeti na kupitia maduka ya M-Pesa. Mhusika mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule asipate kazi, akajitengenezea kituo cha redio na kujiita DJ Boyie. Lugha yake ni Sheng. Mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2014.

Wapo walimu waliolalamika kwamba Sheng inaharibu Kiswahili cha wanafunzi. Hoja hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, haikanushiki kwamba vijitabu hivyo viliwafikia vijana wa mashambani ambao hawakuwa na fedha za kununua kitabu. Kulikuwa na visa kuhusu kilimo, akiba, afya na uchaguzi. Kimoja kilichozungumziwa sana ni cha kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kuwa chakula, jambo ambalo mfugaji wa Mbeere au Tharaka anaweza kulijaribu siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa kilitolewa bure, wengi walikitupa. Kitu cha bure ndicho huwa adimu baadaye. Atakayekusanya matoleo ya miaka ya mwanzo atakuwa na picha kamili ya vijana wa Kenya wa muongo huo, lugha yao ikiwamo.

8. Madame Livingstone

Nje ya Kenya, nchi ya Afrika ya kati yenye utamaduni mkubwa zaidi wa vibonzo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mmoja wa mabingwa wake ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Mwaka wa 2014 yeye na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie walitoa riwaya ya vibonzo ya Kifaransa iitwayo Madame Livingstone, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiingereza.

Kisa kinatokea ziwani Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Rubani wa Ubelgiji ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani Graf von Goetzen, na kiongozi wake ni Mwafrika anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kuwa ni mwana wa David Livingstone. Meli hiyo ni ya kweli. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka wa 1916, ikaopolewa baadaye, na kuhudumu kwa miaka mingi kwa jina la MV Liemba.

Vita hivyo havikuwa mbali na Mlima Kenya. Vijana wengi wa Meru na Embu walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, hasa mwaka wa 1917, na wengi hawakurudi. Msomaji ambaye babu wa babu yake alitoweka katika safari hiyo atakisoma kitabu hiki kwa jicho tofauti na Mzungu wa Brussels.

9. Aya wa Yopougon

Marguerite Abouet alizaliwa Abidjan, Cote d'Ivoire, mwaka wa 1971. Kitabu chake cha kwanza cha Aya de Yopougon, kilichochorwa na Clément Oubrerie, kilitoka Ufaransa mwaka wa 2005 na kutuzwa katika tamasha la Angoulême mwaka uliofuata. Vitabu kadhaa vilifuata, na tafsiri za Kiingereza zinapatikana.

Aya ni msichana wa mtaa wa Yopougon mwishoni mwa miaka ya 1970. Anataka kusomea udaktari, ilhali marafiki zake wanawaza dansi na wachumba. Hamna vita, njaa wala mateka humo. Kuna baba wakali, mama wanaojua kila kitu, na vijana wanaojifanya matajiri kwa gari la kuazima. Ndiyo maana kitabu hiki kinapendwa. Kinaonyesha Afrika jinsi Waafrika wanavyoijua siku za kawaida.

Mtu mzima anayetaka kusoma kuhusu siku zisizo za kawaida anaweza kutafuta Deogratias cha Jean-Philippe Stassen, kilichotoka mwaka wa 2000, kinachohusu mauaji ya halaiki ya Rwanda ya mwaka wa 1994. Si kitabu cha kuachiwa mtoto.

10. Maus na Persepolis

Kutoka ng'ambo, vitabu viwili vinatosha kumwonyesha mtu yeyote kwamba vibonzo si mchezo. Maus cha Mmarekani Art Spiegelman kinasimulia jinsi baba yake alivyonusurika mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Wayahudi wamechorwa kama panya na Wajerumani kama paka. Mwaka wa 1992 kilipata tuzo maalumu ya Pulitzer, riwaya ya kwanza ya vibonzo kufanya hivyo.

Persepolis cha Marjane Satrapi, kilichotoka Ufaransa kati ya mwaka wa 2000 na 2003, kinasimulia utoto wake nchini Iran wakati wa mapinduzi ya mwaka wa 1979 na vita dhidi ya Iraq. Picha zake ni nyeusi na nyeupe pekee, na mistari yake ni michache. Mchoraji chipukizi asiye na fedha za rangi hana kisingizio baada ya kukiona.

Vyote viwili vinafanana na Koomenjoe katika jambo moja. Mtoto alimsikiliza mzazi au nyanya akisimulia mateso ya jamaa zao, akaamua kuyachora kabla hayajasahaulika.

Waliobaki gazetini

Orodha ya vitabu haiwezi kuwatendea haki wote. Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gitau, alianza katika miaka ya 1950 na kuwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa zaidi ya nusu karne. Paul Kelemba, yaani Maddo, aliijaza kurasa nzima kwa vituko vya nchi katika It's a Madd Madd World. Nchini Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na jarida la Sani likawapa umaarufu Ndumilakuwili na wenzake. Wazee wa leo pia wanamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na sigara, ambaye visa vyake vilisimuliwa kwa picha za kamera katika jarida la African Film mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970.

Kwa wahusika wa aina hii, mkusanyaji hutegemea zaidi makasi, gundi na subira. Daftari la vipande vya gazeti vilivyopangwa kwa tarehe ni mkusanyiko halali, na mara nyingine huwa ndio pekee uliopo.

Jinsi ya kuvipata na kuvitunza

Wauzaji wa vitabu vilivyotumika ndio wa kwanza kuulizwa. Pichadithi na Joe huuzwa pamoja na vitabu vya shule vya zamani, mara nyingi muuzaji asijue alicho nacho. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahesabu kurasa, aangalie kama ukurasa wa kati upo, na asome jina la mchapishaji na mwaka. Vitabu vya ng'ambo vinaweza kuagizwa kupitia maduka makubwa ya vitabu. Maktaba za umma za Meru na Embu zinafaa kutembelewa pia, na mwanachama ana haki ya kuomba kitabu kinunuliwe.

Kuhusu kutoa nakala kwa mashine, tahadhari inahitajika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inalinda kazi ya msanii kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kazi za Hirst, kwa mfano, zitalindwa hadi mwisho wa mwaka wa 2065. Kutoa nakala na kuziuza ni kosa, hata kama kitabu chenyewe hakipatikani dukani.

Hali ya hewa ya miteremko ya Mlima Kenya ni adui wa karatasi. Katika mvua ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba, unyevu huingia sandukuni na kuleta ukungu. Pini za chuma zinazoshikilia kurasa hupata kutu na kuitoboa karatasi, hivyo ni bora zitolewe na kurasa zishonwe kwa uzi. Vitabu visimamishwe rafuni mbali na ukuta wa nje, na visipigwe na jua. Vipande vya gazeti vilazwe, visikunjwe, na kila kimoja kiandikwe tarehe. Mchwa na mende huanzia chini, kwa hivyo sanduku lisikae sakafuni.

Nafasi iliyo wazi

Wameru wana Koomenjoe. Waembu na Wambeere nao wana visa vilivyo tayari kwa kalamu. Kuna Mwenendega na mkewe, wanaotajwa kuwa chimbuko la Waembu, ambao kijisitu chao karibu na Runyenjes kingali kinaheshimiwa. Mwanahistoria H.S.K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya eneo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1973. Kuna pia Cierume, mwanamke mpiganaji wa Embu, ambaye mchoro wake uliwekwa kwenye intaneti pamoja na ya mashujaa wengine wa jamii za Kenya, katika mradi uliohusisha Makumbusho ya Taifa, Shujaa Stories na Google.

Mchoro wa intaneti ni mwanzo mwema, lakini simu ikipotea au tovuti ikifungwa, haubaki nyumbani. Kitabu hubaki. Ikiwa kijana mmoja wa Embu mwenye penseli na daftari atamkuta mzee anayekijua kisa cha Mwenendega kwa ukamilifu, orodha kama hii itahitaji nafasi ya 11.